Jina Tulilolipeleka Kigali

Nilikuwa nakwenda Kigali, kwa mara nyingine tena, kutafuta mtoto wa pili. Kwetu Kahama watu hawaamini kwamba mwenye mtoto anaweza kukosa mtoto. Neema nilimpata bila hata kumtafuta. Mdogo wake nimemtafuta tangu Neema alipoanza kutembea, na sasa yuko darasa la pili. Nikilia naambiwa nishukuru kwa huyo niliyepewa, nisipolia naulizwa, "Mbona huyu hana mdogo wake?" Safari hii daktari alitaka jibu: tupandikize mimba tena, au tuache. Mume wangu Deus alisema atakubali lolote nitakaloamua. Jibu hilo liliniudhi, maana lilinitwisha mzigo wote peke yangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nikamchukua Neema.

Alfajiri tuliondoka Kahama. Sindano zangu nilizipakata ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu, na abiria mwenzangu akaniomba kikombe. Nilicheka mpaka Neema akaniangalia kwa mashaka.

Rusumo, mpakani, tulifika mchana. Chini ya daraja maji yanaporomoka na kunguruma, mvuke unapanda hadi barabarani, na binadamu unajiona mdogo kabisa. Baada ya daraja basi lilihamia upande wa kulia, saa zikarudi nyuma kwa saa moja. Neema alishangaa kwamba nchi inaweza kumpa mtu saa nzima bure. Nami nilishangaa, maana kwa daktari ni umri wangu tu uliokuwa ukienda mbele.

Kigali, jioni. Nimeiona mara nyingi lakini bado inaninyamazisha: kilima nyuma ya kilima, na taa zinawaka kutoka bondeni hadi kileleni. Tulifikia Kagugu kwa Jeanne, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, ambaye nilisoma naye sekondari.

"Mama Neema, hospitali ni Jumatatu," aliniambia. "Kesho twende kwa jirani, anamtoa mtoto wake mchanga nje."

Nilitaka kukataa. Sherehe za watoto wachanga nilishaacha kuzihudhuria, maana nikirudi nyumbani hujifungia chumbani. Lakini mgeni hakatai mwaliko wa mwenyeji wake.

Jumapili, kwa jirani. Desturi yao ni kwamba mtoto akishatimiza wiki hutolewa nje, na watoto wa mtaa ndio humpa majina kabla ya wakubwa. Walipewa majembe madogo, wakalimalima kidogo uani, kisha wakaketi mkekani kula maharage na kunywa maziwa. Halafu kila mmoja akasimama akatamka jina, na watu wazima wote wakanyamaza kusikiliza, hata mwenye suti. Sijawahi kuona watoto wakiheshimiwa hivyo.

Bibi wa mtoto akamnyooshea Neema kidole. "Na wewe mugeni, sema jina."

Neema akasimama, maziwa yangali mdomoni. "Riziki."

Riziki lilikuwa jina la mdogo wake. Tulilichagua mimi na yeye, jikoni kwetu, tukakubaliana linamfaa wa kike na wa kiume.

"Riziki! Ni muzuri!" bibi alishangilia.

"Lakini baba yake ameshachagua lingine," nilisema haraka, kana kwamba ningeweza kulirudisha.

"Haina shida, mwana wanjye. Ile ya baba iko ya kuandika. Lakini majina yote iko ya mutoto. Jina ya mutoto hatutupi."

Tulipokuwa tunarudi kwa Jeanne, Neema alinishika mkono. "Mama, umenuna?"

"Kwa nini umempa jina la mdogo wako?"

"Yule amekuja. Wa kwetu haji, na wewe ukichomwa sindano unalia. Mimi nimechoka kumngoja."

Nilikaa kwenye ngazi za barabarani, nikalia kwa sauti, mchana kweupe. Kumbe muda wote huo tulikuwa wawili tuliongoja, na mmoja alikuwa mtoto. Nilimpigia Deus nikamwambia nataka kuacha. Akasema, "Nilikuwa naogopa kulisema mimi kwanza."

Jumatatu daktari alinisikiliza bila kunihimiza. Nilimrudishia sindano. Uchungu haukuondoka, na sidhani utaondoka, lakini nilipotoka nje niliangalia vile vilima na kifua changu kilikuwa chepesi.

Tulirudi na chupa ya chai imejaa chai. Nilichojifunza ni kidogo: kuacha kutafuta si kuacha kupenda.

Stendi ya Kahama tulipokewa na jirani yetu, Mama Shija, ambaye hajawahi kuacha neno limpite. "Neema, umemleta mdogo wako?"

"Mdogo wangu yuko Kigali," Neema akamjibu. "Anaitwa Riziki."

Mama Shija alinigeukia, akingoja nimsahihishe. Nilichukua begi langu, nikamshika mwanangu mkono, tukaenda nyumbani.