Duara la Sufuria

Karatasi ilikuwa ndefu kuliko kitanda. Héritière aliitandaza sakafuni, katika chumba walichopanga yeye na mama yake huko Berea, mtaa wa Johannesburg, akachuchumaa juu yake na brashi nene kama mkia wa mbuzi. Akaichovya katika wino mweusi, akairusha, akaiburuta. Murielle, mama yake, alisimama mlangoni ameshika sufuria ya bugali iliyotoka kwenye jiko la mafuta ya taa, maana umeme ulikuwa umekatika.

"Hii umechora ao umemwaga?"

"Vyote viwili, Mama."

"Mutoto huyu! Wenzako wanasuka vichwa vya watu, wewe unachafua karatasi."

Pa kupita hapakuwapo, na sufuria ilikuwa ikimuunguza mikono. Murielle akaitua juu ya karatasi. Alipoiinua, duara la masizi lilibaki. Héritière alilia. Kisha akanyamaza, akalizungushia wino mwepesi, mpaka duara likawa kama linaelea ukunguni.

Ufundi huo alipewa na Mzee Lai, Mchina aliyezaliwa Johannesburg hii hii. Héritière alianza kumfagilia karakana yake ya uchoraji mtaani Bertrams alipomaliza shule. Mzee alifundishwa wino na baba yake, na rangi za mafuta na Wazungu. Akazichanganya, akaacha kuchora vitu, akawa anachora mwendo wa mkono tu.

"Wachina wananiambia kazi yangu si ya Kichina," alikuwa akisema. "Wazungu wananiambia ni ya Kichina mno. Wewe watakuambia nini, binti yangu?"

Mikono yake ilipoanza kutetemeka, Héritière ndiye aliyechora badala yake. Mzee alipoletewa karakanani karatasi yenye lile duara alicheka mpaka akakohoa, akapiga pembeni muhuri wake mwekundu wenye jina lake. Kwake hiyo ilikuwa sifa kuu: kazi ya mwanafunzi imestahili jina la mwalimu. Akampa na kijiwe laini.

"Hiki nitakuchongea kiwe muhuri wako. Jina lako mwenyewe."

Akafa hajakichonga. Tangu hapo Murielle hakupata raha. Mtoto anachora, lakini picha zinabeba jina la mwingine.

Raymond, mwana wa Mzee, alifanya maonyesho ya kumkumbuka baba yake, na Murielle na binti yake wakaenda. Picha ile ilikuwa ukutani, mahali pa heshima.

"Huu ndio mwezi wa mwisho aliouchora baba," aliwaambia wageni, akionyesha duara.

"Mwezi gani? Hiyo ni sufuria yangu!" Murielle alipaza sauti.

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Raymond hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Murielle. Raymond akamgeukia Héritière taratibu.

"Dada, hii ni yako?"

Murielle alimwona mwanawe akiutazama muhuri. Sema, mtoto. Sema.

"Ni ya Mzee," Héritière alisema.

Nje, wakingoja taa ya barabarani, ile robot, iwaruhusu kuvuka, Murielle alilipuka. "Umeikana kazi yako mbele ya watu!"

"Nikisema yangu, watasema picha zake zote za mwisho ni za bandia. Watamchafua Mzee, mimi wataniita mwizi. Eish, Mama, nani atatuamini? Wewe na sufuria yako?"

Taa ikageuka kijani, Murielle akatangulia kuvuka.

Tangu siku hiyo hajamwona tena binti yake akitandaza karatasi. Asubuhi Héritière hutoka kwenda kusuka, kama mama alivyotaka siku zote. Juzi Murielle alikuwa akifagia, akagundua meza yao haiyumbi tena. Akainama kutazama. Chini ya mguu mfupi palikuwa na kile kijiwe cha Mzee, laini, hakina hata herufi moja.