Mbwa Anayetaka Mtu Nyumbani

Juzi nilikuwa mtaani Karen kwa mfugaji wa mbwa wakubwa wa kuchunga mifugo. Mimi, niliyeacha shule mapema na bado mnanisoma, siogopi mbwa. Mmoja akanisukuma kwa kichwa hadi ukutani, akanisimamia.

“Usisonge, kijana,” mfugaji akaniambia. “Anakuchunga.”

Mama mmoja wa mtaa wa Waithaka, aliyekuja kununua mbwa baada ya wezi kumvunjia nyumba mara mbili akiwa dukani kwake, akafurahi. “Huyu ndiye ninayemtaka.”

“Mama, unashinda nyumbani?” mfugaji akamuuliza.

“Ningekuwa nashinda nyumbani, ningetafuta mbwa wa nini?”

“Basi hakufai. Ukimwacha peke yake kutwa, ataanza kuchunga majirani.”

Mama akafunga zipu ya mkoba, akanigeukia. “Na wewe kijana, mchana huwa na kazi?”

Ningemjibu kwa ukali, lakini mbwa alikuwa hajaniruhusu.