Nilimjua Mtoto kwa Viatu vya Mzazi

Mwaka ule mtoto wa daktari alimaliza darasa la kwanza hajui kuandika jina lake. Mtoto wa mpishi wa daktari huyohuyo alikuwa anasoma gazeti.

Nyumba moja. Darasa moja. Mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe ni mimi.

Msicheke kwanza.

Nilifundisha darasa la kwanza miaka kumi na tisa, na nilikuwa na kipaji changu. Siku ya kuandikisha nasimama mlangoni, naangalia miguu ya wazazi. Kiatu kinang'aa, mtoto anakaa mbele. Kandambili au buti la matope, nyuma kabisa, karibu na mafagio.

Fomu sikuwa nasoma. Za nini? Mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa kapuku ni kapuku. Wenzangu nilikuwa nawaambia, "Wale wa nyuma msijichoshe, mnatwanga maji kwenye kinu."

Na kila mwaka nilikuwa napatia! Wa mbele wanafaulu, wa nyuma wanafeli. Nikajiona nabii.

Sasa mwaka ule, siku ya kuandikisha, likaja gari jeupe. Akashuka mama mmoja, gauni la maana, viatu virefu, kamshika binti yake mkono. Nikamkimbilia. "Karibu mama, karibu sana!" Binti nikamweka dawati la kwanza.

Nyuma yake ikaja baiskeli. Mzee mmoja, mabuti yamejaa tope, kampakia mvulana. Nikanyoosha kidole tu. Kule.

Binti nilimshika mkono herufi kwa herufi. Akikosea, "Jaribu tena, mwanangu." Mvulana akikosea, "Kaa chini, kichwa maji wewe." Daftari lake nilisahihisha nikikumbuka, na sikuwa nakumbuka.

Siku ya matokeo daktari akaingia ofisini na koti lake la kazi, mzee wa mabuti nyuma yake.

"Mwalimu, binti wa mpishi wangu kawa wa kwanza. Mwanangu wa mwisho, arudie darasa. Wanakula meza moja, vitabu vilevile. Hebu nieleze."

Mwaka mzima hajafungua daftari la mwanawe, leo ndio anataka maelezo!

Kumbe dereva wake alikuwa anaenda sokoni, akampa mpishi lifti. Gauni kapewa na bosi. Mvulana naye alililia baiskeli ya huyu mzee wa mabuti, mtunza bustani wao, akaletwa nayo.

Nikaropoka. "Samahani dokta, nilidhani ni mtoto wa huyu."

Daktari akaanza kufoka, mara bodi, mara wizara. Mtunza bustani akasubiri amalize, akasema polepole:

"Wa kwangu ulimfundisha miaka mitano iliyopita, mwalimu. Uliniambia hana kichwa, nisipoteze muda. Wewe ndiye msomi, nikakuamini. Nikamtoa shule."

Sikumkumbuka. Watu wa mabuti sikuwa nawaangalia usoni.

Mtoto wa daktari alitafutiwa mwalimu wa nyumbani, miezi mitatu tu akajua kusoma. Wa mtunza bustani ana miaka kumi na mbili, anapalilia na baba yake, na hata kibao cha mlangoni anasomewa.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyozama navyo vina fundi wake, msimtafute mbali. Niliwazamisha watoto wa watu kwa mikono yangu, halafu nikajisifu kwamba nilijua watazama. Shenzi mimi, na mshahara wa ualimu nilikuwa napokea.