Hilo Liache

Nichekeni tu, maana ningekuwa nyinyi na mimi ningecheka, lakini tangu siku ile kila nikifika Paje nainamisha uso, na yote kwa sababu ya neno moja ambalo nalisema tangu nilipojua kusema.

Mimi na Bi Salma, mkubwa wangu aliyenifundisha kazi, tuna ofisi Mji Mkongwe juu ya duka la kanga, tunatunza mfumo endeshi, ile programu mama ya kompyuta, tunaoutia kwenye mashine kuukuu ili zisitupwe. Safari hii ulikuwa uende kwenye mizani ya umeme ya kinamama wakulima wa mwani wa kijiji cha Paje, waliochoka na mzani wa mnunuzi ambao (kwa miujiza yake) kila siku hupunguza kilo. Sasa mafaili ya kujengea mfumo yalijaa maagizo ya kizamani kwa kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, na mimi uchafu siuwezi, nikasema nayasafisha kwanza. Mengi kompaila yenyewe ilishayasahau, nikayafuta. Likabaki moja linalohusu chipu za kale, bongo za mashine za zamani, nikampigia Bi Salma, naye yuko harusini, ngoma zinalia.

"Bi Salma, hili agizo la chipu za kale nilifanyeje?"

"Hilo liache, mwanangu!"

Nikaliacha. Yaani kama mtu anavyoacha sigara, nikaliandikia talaka tatu! Nikajaribu mfumo kwenye kompyuta yangu mpya, ukawaka, nikajiona bingwa.

Paje kinamama wamepanga viroba vya mwani mkavu, mnunuzi yuko pembeni na mzani wake wa kuning'iniza. Nikatoa hotuba (nani aliniomba hotuba?) kwamba leo dhuluma basi, nikautia mfumo kwenye mizani yao ya umeme, nikawasha. Giza. Nikalaumu umeme, tukavuta waya nyumba ya jirani. Nikalaumu waya, ukaletwa mwingine. Nikalaumu chumvi ya bahari, nikaifungua mashine nikaifuta kwa ncha ya kanga ya Bi Mwajuma, kiongozi wao, na watalii wameacha matiara yao ya kuteleza baharini wanakuja kutazama. Mwisho nikampigia Bi Salma, na kwa ujanja wangu nikafungulia spika wote wasikie kwamba kosa ni lake.

"Bi Salma, lile agizo si ulisema niliache?"

"Ndiyo, nlisema uliache. Liko wapi?"

"Nshalifuta."

"Umelifuta? Mizani hiyo ina chipu ya kale, bila agizo lile haifahamu hata neno! Nlisema liache, lisiguswe!"

Vicheko vilivyopasuka hapo, acheni tu. Ila Bi Mwajuma hakucheka.

"Mwanangu, mnunuzi hatungoji. Sasa mwani wangu utapimwa na nini?"

Nikapekua mkoba, kumbe nakala ya zamani ya mfumo nayo niliiacha mjini (kuiacha kwelikweli). Mnunuzi akatundika mzani wake, na kiroba ambacho Bi Mwajuma alikileta kwa kukiburura, kwenye mzani ule kikawa chepesi kama mto wa usufi. Nilitamani kujizaba kofi.

Kesho yake nilirudi na agizo limo mahali pake, mashine ikawaka mara moja, lakini ule mwani ulishakwenda. Siku hizi sifuti hata nukta mpaka niulize, ibaki au iondoke? Bi Salma amenichoka. Na Paje jina nililopewa na baba yangu halijulikani tena, kinamama wakiniona kwa mbali wanaita, "Liache!", nami nitafanyaje, naitika, "Naam."