Mwalimu Atafuta wa Kumfokea

Mimi huendesha winchi katika klabu yetu ndogo ya glaida, huku upande wa Chepsaita. Glaida ni ndege isiyo na injini. Winchi yangu huivuta kwa kamba ndefu mpaka ipae, kisha rubani anaiachia kamba na kubaki na upepo wake. Uwanja wetu ni shamba la mahindi la Mzee Kiplimo. Akishavuna, tunaruka. Akileta trekta kulima, tunafungasha tungoje mwaka mwingine.

Trekta ilikuwa inakuja Jumatatu. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho, na Mwalimu Jepkemboi alikuwa bado hajaruka peke yake.

Mwalimu alistaafu kufundisha shule ya msingi, anakaa Kimumu, na pale uwanjani hakuna mtu ninayempenda zaidi, ingawa hunikosoa hata ninavyoshika kikombe. Msimu mzima alitaka kitu kimoja tu: kiti cha nyuma yake kiwe kitupu. Dada yake Jepchumba alikuja kila wiki na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, ili amlaki, kama wanavyolakiwa wanariadha wetu wakirudi na medali. Kila wiki kibuyu kilirudi Kimumu kimejaa.

Aliyekalia kiti hicho ni Kimeli, mkufunzi wetu, ambaye Mwalimu alimfundisha darasa la kwanza.

"Kimeli, nina makosa gani?" Mwalimu aliuliza asubuhi hiyo tukinywa chai.

"Hakuna, Mwalimu. Uko sawa kabisa."

"Basi wacha niende peke yangu."

Kimeli akaangalia viatu vyake. "Twende tu pamoja mara moja tena."

Mimi sina subira na mambo ya kuzungushana. Nikaweka kikombe chini. "Kimeli, si umwambie ukweli! Mwalimu, kila ukishuka unakuja juu sana. Ni yeye huvuta breki za mabawa huko nyuma kimyakimya, halafu anakuambia vizuri."

Mwalimu akamgeukia polepole. "Ni ukweli?"

"Sasa mimi nitakufokea aje, Mwalimu? Wewe ndiye ulinifunza kushika penseli."

"Na ulipoishika vibaya, nilikuambia vizuri?"

"Hapana. Ulinifokea mpaka nikalia."

"Basi panda. Leo nifokee."

Nikawavuta. Wakati wa kushuka Kimeli alisahau kidole kwenye kitufe cha redio, na uwanja mzima ukasikia: "Uko juu, Mwalimu! Vuta breki! Nimesema vuta! Unangoja nini?" Alisikika kama mtu anayetaka kulia. Mzee Kiplimo, aliyekuja kukagua shamba lake, alivua kofia kwa mshangao. Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mara ya pili alifoka kidogo. Mara ya tatu redio ilikuwa kimya, na glaida ikagusa chini pale pale inapotakiwa, kwenye njia tuliyoifyeka katikati ya mabua. Kimeli akashuka, akafunga mikanda ya kile kiti kitupu na kuniita kwa redio. Mwalimu alikuwa tayari.

Glaida ilikuwa nyepesi bila Kimeli, ikapanda upesi. Mwalimu alipoachia kamba, nilisahau hata kuikunja. Alizunguka juu ya mikaratusi bila kelele yoyote, jua likimulika mabawa, nami nikajikuta nikipiga vigelegele peke yangu kando ya winchi, mwanaume mzima. Kisha akageuka, akavuta breki mwenyewe na kutua.

Nilirukia pikipiki nikawahi upande wa pili wa uwanja. Jepchumba alikuwa akimnywesha mursik, midomo yote myeupe, na wanawake wakiimba. Kimeli alikuwa amesimama kando akijipangusa macho.

"Vizuri sana, Mwalimu," alianza. Akakohoa. "Lakini ulikuwa juu kidogo."

Mwalimu akampokonya dada yake kibuyu, akamwekea Kimeli mdomoni.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Wewe pia leo umeruka peke yako."