Ujumbe Niliomficha Kulthumu

Watu wa mtaa wetu wakisimulia habari za Kulthumu, wanaanza na tabia yake nzuri. Mimi nitaanza na kijicho changu, maana hicho ninakijua kuliko wote. Nilimwonea wivu Kulthumu tangu tukiwa na miaka saba, na ukiniuliza kwa nini, sina jibu la maana. Alikuwa anacheka upesi. Watu walikuwa wanamsogelea. Basi, hiyo tu. Mtu anaweza kumchukia mwenzake kwa mambo madogo kama hayo, tusidanganyane.

Tumezaliwa Kamalondo, nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mmoja. Sisi ni Wakatoliki. Babu alitoka Pweto kuja kufanya kazi ya reli, na baba naye nguvu zake zote ziliishia relini. Wao ni Waislamu wa Maniema. Baba yake Kulthumu alikuwa fundi cherehani, akafariki mapema, na mama yake, Mama Mawazo, akabaki na kiti kimoja, kioo kimoja na vidole vyake kumi, akiwasuka wanawake hapo barazani. Kulthumu alianza kushika nywele za watu akiwa hajui kuandika jina lake. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshika daftari. Shuleni nilikuwa wa kwanza, yeye wa tano, wa sita, akijitahidi sana wa nne. Chuo kikuu tukaingia pamoja, masomo ya biashara, na huko pia nikawa mbele. Nimemzidi miezi mitano tu, lakini aliniita yaya, kama dada yake mkubwa, na mimi hiyo heshima niliipokea kama haki yangu.

Mwaka wetu wa mwisho likatoka tangazo. Ingénieur Ephraïm, kijana wa hapa hapa aliyekwenda ng'ambo kusomea mambo ya ubongo, alikuwa amerudi na kufungua kampuni ndogo upande wa Naviundu: vyumba vitatu na jenereta. Walikuwa wanatengeneza kofia yenye vichuma ishirini na kimoja vinavyogusa ngozi ya kichwa na kusoma umeme wa ubongo, ili mwenye kifafa ajulikane mapema, kabla familia haijaanza kutafuta mchawi. Ephraïm alijua ubongo. Kuuza, kuongea na watu, hapo hakujua kitu. Akataka wanafunzi wawili wa biashara kwa miezi mitatu, kwa malipo. Kwa malipo, jamani! Kwetu staji, yaani mafunzo ya kazini, maana yake ni kubebea wakubwa kahawa huku ukijilipia mwenyewe usafiri, halafu karatasi ya kuthibitisha unaiomba kwa magoti. Na kulikuwa na zaidi: miezi mitatu ikiisha, mmoja kati ya hao wawili angebaki kwa mkataba.

Tukachukuliwa mimi na Kulthumu. Nyumbani walichinja kuku. Baba, aliyestaafu na mpaka leo hajasikia hata harufu ya pensheni, akawa ananiuliza kila jioni, "Ule mukataba, utaupata?" Nami ninajibu, "Nitaupata, Papa." Wadogo zangu wanne walikuwa wananitazama mimi. Sisemi haya ili nijitetee. Nafasi ilikuwa moja, niliihitaji, na niliamini kabisa kwamba ni yangu.

Nilifanya kazi, mniamini. Niliandika mpango wa soko wa kurasa arobaini, na michoro ya rangi ndani. Ephraïm akaufungua, akasema, "Très bien, Delphine, vizuri sana," akaufunga. Kulthumu hakuandika hata kurasa tano. Alikwenda sokoni, akakaa juu ya gunia la bunga, unga wa mahindi, akapiga soga na akina mama, akarudi na majina sitini ya watu wenye mtoto au ndugu wa kifafa. Ugonjwa ambao watu wanauficha kuliko wizi! Yeye walimwambia. Kuanzia hapo ikawa, "Kulthumu anasema nini?" "Muulizeni Kulthumu." Kulthumu, Kulthumu, utafikiri mji mzima hauna mtu mwingine mwenye kinywa. Nilikuwa narudi nyumbani roho inaniwaka, nikisikia kicheko chake upande wa pili wa ukuta natamani kutupa jiwe.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa anashindana. "Yaya, ule mupango wako iko muzuri sana," aliniambia siku moja. "Mi siwezi kuandika vile hata wanifunge kamba." Na alisema kweli toka moyoni. Laiti angekuwa mnafiki, ningepumzika kidogo.

Ikabaki wiki moja. Kofia ilikuwa imekwisha kujaribiwa kwa madereva wa malori ya migodini, wanaume wenye vichwa vilivyonyolewa, ikasoma bila shida. Sasa ilikuwa zamu ya wanawake, kwa mara ya kwanza, siku ya Jumamosi, mbele ya wageni wawili kutoka Kinshasa waliotaka kutia pesa kwenye kampuni. Kulthumu ndiye aliyepewa kazi ya kuwaleta akina mama kumi na wawili.

Alhamisi mchana simu yangu ikalia. Simu ya Kulthumu ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la kuoshea nywele, akawa anatumia kile kisimu cha vibonye kisichopokea WhatsApp, kwa hiyo Ephraïm akaniandikia mimi. Nimwambie Kulthumu kwamba akina mama wafumue nywele na kuziosha kwa sabuni. Wasipake mafuta, wasiweke meshi, zile nywele za kuongezea, wasivae wigi, kwa sababu vichuma havishiki juu ya mafuta. Akamalizia: usisahau, ni jambo kubwa. Nikajibu, "Sawa, Ingénieur."

Nikaenda moja kwa moja kwao. Nawaapia, nilipokuwa njiani nilikuwa na nia ya kumwambia. Nikakuta baraza limejaa. Akina mama wa Jumamosi, siku tunayoiita ya posho, walikuwa wamekuja kusukwa kwa Mama Mawazo, wengine wameshamaliza, vichwa vinang'aa mafuta, misuko imejazwa meshi mpaka mgongoni.

"Yaya, ona!" Kulthumu akaniita, vidole vikiwa ndani ya nywele za mtu. "Bamama ba siku ya posho! Banasema mbele ya docteur hauwezi kwenda na kichwa ya ovyo ovyo."

Ndivyo ilivyo kwetu. Mwanamke akienda kwa daktari na nywele hazijatengenezwa, ameiaibisha nyumba yake; daktari atafikiri hana mtu wa kumtunza. Siku zote alizokaa ng'ambo zilikuwa zimemsahaulisha Ephraïm hilo, na ya vichuma Kulthumu hakuyajua. Mtu mmoja tu alijua yote mawili, naye alikuwa amesimama pale na simu mkononi.

"Banapendeza sana," nikasema.

Nikavuka ukuta, nikaingia kwetu, nikala bukari na sombe, ugali kwa kisamvu, mpaka nikaramba vidole. Hamu ya kula, walai, sikuikosa.

Jumamosi wakafika wote kumi na wawili, wamevaa vitenge vya sikukuu, kama wanakwenda harusini. Wageni wa Kinshasa wakaketi. Ephraïm akamtazama mama wa kwanza, nikaona rangi ya uso wake inabadilika, lakini wageni wameshakaa, afanye nini? Akamvika kofia. Kwenye ordinatere, ile kompyuta yake, mahali pa kuonekana mistari ya ubongo, pakaonekana mtetemeko tu, kama redio isiyoshika stesheni. Akajaribu kwa wa pili. Vile vile. Wa tatu, vichuma vikawa vinateleza juu ya mafuta, kofia ikaelea juu ya meshi haijagusa hata ngozi. Mgeni mmoja akaangalia saa yake.

Ephraïm akatuita sisi wawili ukumbini.

"Delphine, Alhamisi nilikutumia ujumbe. Haukumwambia?"

Kulthumu akanigeukia. Alinitazama kwa muda mfupi sana, lakini nilimwona akirudi mpaka Alhamisi, mpaka barazani, mpaka kwenye lile neno langu la "banapendeza". Alielewa yote.

"Alinambia, Ingénieur," akasema. "Mi njo nilisahau."

"Ulisahau!" Ephraïm akafoka. "Kulthumu, mtu anayesahau jambo kama hili atabaki hapa kufanya nini?"

Niwaambie nilisikia nini? Furaha. Aibu itakuja baadaye, lakini ya kwanza kufika ilikuwa furaha, moto moto, mpaka masikioni. Nikaona mkataba ni wangu. Nikamwona baba akiushika kwa mikono miwili.

Kulthumu hakulia. Aliomba kofia. Akaigeuza ndani nje, akahesabu vichuma kwa kidole, kisha akachukua kile kisimu chake. "Mama, kuya na pikipiki. Beba chanuo ya mukia na sabuni."

Mama Mawazo akafika katika nusu saa, kilemba kimekaa upande, hajui hata amewakuta nani. Aliwasalimia wageni kama anavyosalimia kila mtu, akaiweka kofia kwenye goti lake, akaipapasa.

"Hii kitu inataka kugusa ngozi fasi ngapi?"

"Ishirini na moja, Mama," Ephraïm akajibu.

"Na iko fasi zile zile kwa kila muntu?"

"Zile zile."

"Basi munaogopa nini? Munipatie mayi ya moto. Nitasuka njia zipite penye chuma."

Wakaketi chini, mama na binti, wakaanza na mwanamke mmoja. Meshi ikatolewa, kichwa kikaoshwa. Mama Mawazo akawa anagawa nywele kwa ule mkia wa chanuo, Kulthumu anashikilia kofia juu na kumwonyesha: hapa, hapa, nyuma ya sikio, katikati. Misuko ikalala ubavuni mwa kila njia na ngozi ikabaki wazi mahali panapotakiwa tu. Na nikisema misuko, msifikiri ilikuwa kazi ya kulipua. Ilikuwa mizuri. Yule mama alipojitazama kwenye kioo cha simu alipiga kigelegele. Wakamvika kofia, na mistari ishirini na mmoja ikatokea, safi, inapanda na kushuka. Ephraïm akashika kichwa. Wageni wote wawili wakasimama, mmoja akaanza kupiga video.

Akina mama watano walisomwa siku hiyo. Mgeni mkubwa akasema kule ng'ambo wanasumbuka miaka na nywele za watu weusi, wanawaambia wanyoe au warudi nyumbani, kumbe dawa ilikuwa imekaa barazani Kamalondo. Nami nikasimama mlangoni na hesabu inakuja yenyewe kichwani: ningefikisha ule ujumbe, akina mama wangekuja na nywele zilizofumuliwa, kofia ingesoma vizuri, na Mama Mawazo asingeitwa na mtu. Mpango wangu wa kurasa arobaini ungeshinda. Nafasi ile nilimpa Kulthumu mimi mwenyewe, kwa mikono yangu miwili!

Jumatatu Ephraïm alimpa mkataba, na Mama Mawazo akapewa kazi ya kufundisha wasusi wengine. Baba aliposikia alisema, "Haizuru," akatoka kukaa nje peke yake.

Kulthumu nilimvizia penye bomba la maji. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, hata majibu nilikuwa nayo.

"Ju ya nini ulinikingia?" nikamwuliza.

Akaweka ndoo chini. "Papa yako angesikia."

"Hiyo tu?"

"Na mi nilikasirika sana, yaya. Mpaka leo niko na kasirani. Lakini Papa yako njo alinilipia minervali mwaka mama aligonjwa."

Hilo la karo ya shule sikulijua. Baba hakunisimulia hata mara moja. Badala ya kuguswa, nikaona wivu mpya kabisa, kwamba hata baba yangu mwenyewe alikuwa ameshiriki naye siri ambayo mimi sina. Akabeba ndoo yake akaenda.

Miezi minne nikazunguka mjini na faili langu. Mwisho nikafika kwa Bwana Constantin, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, mzee mkali asiyemwamini mtu. Akapekua karatasi zangu moja moja mpaka akafika kwenye ile ya staji. Sahihi ilikuwa ya Kulthumu, maana Ephraïm alikuwa amemkabidhi mambo yote ya wafanyakazi.

"Wote wanaandika 'mwaminifu'," akasema. "Ngoja nisikie mwenyewe."

Akapiga namba iliyokuwa kwenye karatasi, akaweka simu mezani sauti ikiwa wazi, mimi nimekaa mbele yake, sina pa kukimbilia. Sauti ya Kulthumu ikaitika. Bwana Constantin akamwuliza swali moja tu: huyu Delphine, unaweza kumpa kitu cha siri akifikishe, ukalala usingizi?

Upande wake nikasikia mlango unafungwa.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Yule ni yaya yangu."

Bwana Constantin akakata simu, akaniambia nianze kesho. Nikatoka nje, nikaegemea geti, nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimekataliwa. Nikamwambia hapana, nimepata kazi.