Udi Kabla ya Kahawa

Mahbuba binti Marhoon alikuwa akiishi ndani ya lori. Nalijua hilo kwa kuwa nami niliishi ndani ya lori lililo jirani na lake, na sioni haya kulisema. Nje ya ukuta wa Maskati, njia ya kwendea Wadi Kabir, palikuwa na kiwanja cha malori mabovu yasiyo injini wala magurudumu. Sisi tuliokimbia Unguja tukayaezeka makuti, tukatundika mapazia nyuma, tukahamia. Wasafiri waliochelewa walilala kwetu, maana mzinga wa usiku ukishalia milango ya mji ilifungwa mpaka alfajiri, hata kwa mwenye cheo. Wao waliondoka asubuhi. Sisi tulibaki.

Mahbuba alikuwa mshonaji wa kofia, mwembamba, mwenye maneno machache na moyo usiosahau. Kila mgeni wa usiku alipata kwake mkeka na kahawa, hata asiyemjua. Lakini aliyekuwa akimngojea ni mmoja tu, Harub, mtoto wa ami yake.

Walipoingia Maskati mwaka wa sitini na nne, Mahbuba na mamake, Bi Aliya, walikwenda moja kwa moja kwa Harub na kitita chao cha nguo. Harub aliwaketisha barazani. Kahawa haikuja. Kilichokuja ni chetezo cha udi. Kwa watu wa Maskati udi ndio mwisho: mgeni hunywa kahawa, hufukizwa, akaaga. Kumletea udi kabla ya kahawa ni kumwambia aondoke. Bi Aliya hakuyajua hayo. Yeye kwao udi ulikuwa heshima ya bibi harusi na ya mgeni wa idi. Basi akajifukiza buibui lake, akashukuru, akamwombea Harub dua ndefu, kisha akakaa akingojea kahawa. Mke wa Harub alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Watu wa Unguja hawa," alisema, "hata kufukuzwa hawajui."

Bi Aliya aliishi miaka miwili ndani ya lori. Hakulalamikia joto wala nzi. Alilalamikia jambo lile moja tu: "Nilimwombea dua, Mahbuba. Nilikaa pale nikamwombea dua." Akafa nalo. Siku ya maziko Mahbuba hakulia mbele yetu. Alichukua chetezo cha marehemu, akakisugua mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya kasha. Mimi ningekwenda kumrushia mawe Harub dirishani. Mahbuba alisema tungoje.

Katika joto la mwaka wa sitini na nane gari ya Harub iliharibika njiani ikitoka Matrah. Mzinga ulilia naye angali mbali, na askari wa mlangoni wakamwambia angoje alfajiri. Akaja kiwanjani kwa miguu, joho limejaa vumbi. Mzee Thabit, mkubwa wetu pale, akamwuliza kama ana jamaa. Harub akaangaza huku na huku, akamwona Mahbuba amesimama na fanusi.

"Yule binti ami yangu," alisema.

"Nnamjua," Mahbuba akajibu. "Karibu, mwana wa ami. Ingia ukae."

Nilidhani amesamehe, na nilimchukia papo hapo. Dele la kahawa lilikuwa juu ya jiko, iliki ikinukia hadi nje. Harub alivua viatu, akaegemea mto, akaanza kuuliza habari za jamaa. Akauliza na Bi Aliya yuko wapi.

"Amekwenda mbele ya haki," Mahbuba alisema. "Alifia humu, hapo ulipoegemea."

Kisha akainuka. Akateremsha chetezo, akatia makaa, akatia udi mzuri wa bei, wala hakufanya ubakhili. Akamletea kwa mikono miwili.

Harub alikitazama chetezo. Akalitazama dele. Akatutazama sisi majirani tuliokaa nje ya pazia, nasi hatukugeuza macho.

"Mlango wa mji umefungwa, binti ami," alisema taratibu. "Nende wapi saa hizi?"

"Na sie siku ile hatukuwa na pa kwenda. Mama yangu hakujua maana yake, mkeo akamwambia kwa kicheko. Weye ni mtu wa Maskati, huhitaji kuambiwa. Jifukize."

Akajifukiza ndevu na joho, akavaa viatu vyake akatoka. Hakuna lori lililomfungulia pazia. Langu mimi nililifunga kwa kamba. Alikaa chini ya ukuta mpaka alfajiri, na askari walituambia kwamba harufu ya udi wake iliwafikia juu mlangoni. Sikumwonea huruma wakati ule, na sasa pia simwonei.

Mahbuba alimimina kahawa. Kifinjani cha kwanza alikiweka kwenye ule mto, mahali pa mamake. Cha pili akanipa mimi. Ilikuwa chungu kama kahawa zote, nikainywa, nikaomba nyingine.